Maswali Yenu: Samaki, Chaza na Kaa kwenye Mikahawa ya Ufaransa

Barua za safari hii zinatoka kwa wasomaji waliokaa, au wanaokaribia kukaa, kwenye meza za pwani ya Ufaransa. Tumeacha maneno ya Kifaransa jinsi yanavyoandikwa huko, ili uyatambue ukiyaona ubaoni.

Ndugu Mhariri, nikiwa Nice niliomba "menu" ili nisome. Mhudumu akaniuliza "ipi?", nikaonyesha kwa kidole, zikaja sahani tatu. Tena nilidhani *entrée* ndiyo mlo mkuu. Nilikosea wapi?

*Menu* kwa Mfaransa ni mlo kamili wa bei moja: chakula cha kuanzia, mlo mkuu na kitindamlo. Orodha ya kusoma ni *la carte*, kwa hiyo sema "La carte, s'il vous plaît." Kuna pia *formule*, ambayo kwa kawaida ni sahani mbili na mara nyingi hutolewa mchana wa siku za kazi tu. Tafuta maneno *le midi en semaine* kabla hujapigia hesabu bei hiyo kwa chakula cha jioni. *Entrée* ni sahani ya kuanzia, na mlo mkuu ni *plat*.

Angalia vineno vidogo. *Fromage ou dessert* ni jibini au kitindamlo, si vyote viwili. Ukiona "+ 8 €" au *suppl.* mbele ya chaza ndani ya *menu*, hiyo ni nyongeza juu ya bei ya mlo. Kodi na huduma zimeshaingizwa kwenye bei, hivyo bakshishi ni hiari yako. Maji ya bomba hayalipiwi ukiwa unakula: omba *une carafe d'eau*. Ukiomba maji tu, huenda ukaletewa chupa, na chupa inalipiwa.

Samaki aitwaye *bar* aliandikwa 9 €, bili ikaja na 63 €. Je, niliibiwa?

Pengine hukuibiwa. Rudisha macho kwenye mstari ule. Karibu na bei kutakuwa na maandishi madogo, *les 100 g*. Samaki mzima huuzwa kwa uzito akiwa mbichi, pamoja na kichwa na miiba. Samaki wa gramu 700 kwa 9 € kila gramu 100 ni 63 € kamili. Minofu inayobaki baada ya kuondoa kichwa, ngozi na miiba ni kama gramu 300, kwa hiyo samaki huyo ni wa watu wawili. Mkahawa makini hukuletea samaki mezani umwone kabla hajapikwa. Hapo ndipo pa kuuliza "Il pèse combien ?" na kumkataa kama ni mkubwa mno. Baada ya kupikwa huna la kufanya.

Maneno *selon arrivage* na *prix du marché* yana tabia ileile: bei haijaandikwa kwa sababu inategemea kilichovuliwa. Kuuliza bei si aibu, na Wafaransa wenyewe huuliza.

Jambo la pili ni majina. Samaki mmoja hubadilika jina kutoka pwani moja hadi nyingine. *Bar* wa Atlantiki ndiye *loup* wa Mediterania. *Lotte* wa Bretagne ndiye *baudroie* wa Marseille, samaki mwenye kichwa kikubwa cha kutisha na mkia wa nyama nyeupe ngumu isiyo na vimiiba vidogo, ndiyo maana anawafaa watoto. *Cabillaud* na *morue* pia ni samaki mmoja, ila kwenye menyu *cabillaud* ni mbichi na *morue* kwa kawaida ametiwa chumvi na kukaushwa. Asiyependa ladha ya samaki wa chumvi aipite *brandade de morue*, yaani *morue* aliyepondwa na mafuta.

Usipotaka kuhangaika na miiba, mwombe mhudumu akutolee minofu: "Pouvez-vous lever les filets ?" Na ikiwa hupendi samaki mwenye wekundu karibu na mfupa, agiza *bien cuit* (aliyeiva kabisa) mapema, maana wapishi wengi humtoa samaki jikoni akiwa bado na wekundu huo kwa makusudi.

*Homard, langouste, langoustine, gambas, crevettes*: zote si kamba?

Ni jamaa, lakini bei zake hazifanani hata kidogo. *Homard* ana magando mawili makubwa. *Langouste* ni kambakoche: hana magando, ana papasi ndefu, na mara nyingi ndiye ghali kuliko wote. *Langoustine* ni mwembamba, wa rangi ya waridi, mwenye magando membamba. Nyama iko mkiani. *Gambas* ni kamba wakubwa, *crevettes* ni kamba wa kawaida, na *crevettes grises* ni wale wadogo sana ambao watu wengi huwala na maganda yake. *Écrevisse* ni wa mtoni, hatoki baharini.

Tunataka kuagiza *plateau de fruits de mer*. Kuna nini ndani, na kinaliwaje?

Kwanza, usitegemee samaki. *Fruits de mer* ni viumbe wa gamba: chaza, kome, konokono wa baharini, kamba, kaa. Sinia huja baridi, juu ya barafu na mwani, na nusu yake ni mbichi. Chaza (*huîtres*) huwa wabichi, kadhalika *palourdes*, *praires* na *amandes*, ambao ni jamii za kombe wadogo. Waliopikwa ni kamba, *langoustines*, kaa (*tourteau* au *araignée*), na konokono wa aina mbili: *bulots* wakubwa na *bigorneaux* wadogo. Mjamzito, au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili, aulize kama wanaweza kuandaa sinia la *tout cuit*, yaani lililopikwa lote. Sinia nyingi huandikwa *pour 2 personnes*, na hapo angalia kama bei ni ya sinia zima au ya kila mtu (*par personne*).

Anza na wabichi, barafu ikiwa bado nzima. Chaza mchomoe kwa uma mdogo, mkamulie limau, mtafune. Kummeza mzima ni kupoteza pesa. Mkate mweusi na siagi ya chumvi ni vya kula katikati. Mayonezi ni ya *bulots*, kamba na kaa, usiwapake chaza. Kwa *bulot*, choma uma kwenye nyama, zungusha ukifuata mkunjo wa gamba, kisha ondoa kile kifuniko kigumu cha mdomoni. Kwa *bigorneau* utapewa sindano, na kazi ni ileile. Kaa anataka koleo: vunja magando kwa kubana taratibu, kwa sababu ukibana kwa nguvu vipande vya gamba huchanganyika na nyama. Bakuli la maji lenye kipande cha limau ni la kunawia vidole.

Kuhusu nambari za chaza, hapa wengi hujikwaa: nambari ikipanda, chaza anapungua. Kwa *huîtres creuses* (chaza wa gamba lenye kina), n° 5 ana uzito wa gramu 30 hadi 45, n° 3 ni gramu 66 hadi 85, na n° 1 ni gramu 121 hadi 150, gamba likiwemo. Anayeonja mara ya kwanza achukue sita za n° 4 au n° 3. *Fine de claire* ni chaza aliyemaliziwa kwenye vidimbwi vya udongo wa mfinyanzi vya Marennes-Oléron, naye ana maji mengi na nyama ya wastani. *Spéciale* ana nyama zaidi. Miezi ya joto, hasa Mei hadi Agosti, chaza huwa katika uzazi na nyama yake hugeuka kuwa ya maziwamaziwa (*laiteuse*). Haina madhara kwa sababu hiyo pekee, ila wengi haiwapendezi. Chaza ambaye gamba lake limekauka ndani, au anayenuka, mrudishe bila kusita.

Mimi situmii pombe wala nguruwe. Niagize nini?

Hili ni swali zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu divai nyeupe imeingia kwenye michuzi mingi ya samaki bila kutajwa kwenye menyu. *Moules marinières*, kome maarufu wanaouzwa na chipsi, hupikwa kwa divai nyeupe. *Beurre blanc* ni siagi iliyokorogwa ndani ya vitunguu vidogo vilivyochemshwa kwa divai au siki. *À l'armoricaine* ina divai na brandi, *bisque* mara nyingi pia, *flambé* ni kuwasha pombe juu ya chakula, na *matelote* ni samaki waliopikwa ndani ya divai. Hata *court-bouillon*, maji ya viungo ya kuchemshia samaki, mara nyingi hutiwa divai. Usikubali jibu kwamba moto unaimaliza pombe yote, sehemu hubaki.

Sahani zenye nafuu ni *grillé* (wa kuchomwa), *à la plancha* (juu ya bamba la chuma la moto), *en croûte de sel* (aliyefunikwa kwa chumvi na kuokwa), na *meunière*, yaani samaki aliyepakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kumaliziwa na limau. Lakini uliza mchuzi wa pembeni: "Y a-t-il du vin ou de l'alcool dans la sauce ?" Kwenye chaza, acha kile kibakuli cha siki ya divai na vitunguu, tumia limau.

Nguruwe hujificha vizuri zaidi. *Lardons* na *poitrine fumée*, vipande vya nyama ya tumbo ya nguruwe, hutiwa kwenye kome na kwenye makombe. *Andouille* ni soseji ya matumbo ya nguruwe, na Bretagne huipenda pamoja na *Saint-Jacques* (makombe). *Encornets farcis* ni ngisi waliojazwa, na mara nyingi kilichojazwa ni *chair à saucisse*, nyama ya kusaga ya nguruwe. Sahani yoyote inayojiita *terre et mer* (nchi kavu na bahari) ihojiwe.

Nina mzio wa kamba. Je, samaki ni salama?

Uliza daftari la *allergènes*, yaani vitu vinavyoleta mzio. Tangu Julai 2015 mikahawa ya Ufaransa inatakiwa kuwa na taarifa hiyo kwa maandishi. *Crustacés* (kamba na kaa), *mollusques* (chaza, kome, ngisi) na *poissons* ni makundi matatu tofauti, kwa hiyo taja la kwako: "Je suis allergique aux crustacés." Hatari iko kwenye michuzi: *sauce Nantua* hutengenezwa kwa *écrevisses*, na *soupe de poissons* ya kusini huweza kuwa na kaa wadogo waliosagwa. Uliza pia kama ngisi na kamba hukaangwa kwenye mafuta yaleyale.

*Coquilles Saint-Jacques* mwezi Julai: nichukue?

Uvuvi wake Ufaransa huwa wazi kuanzia 1 Oktoba hadi 15 Mei. Julai utapata waliogandishwa, au jamii nyingine ya makombe iliyoandikwa *noix de Saint-Jacques*. Alama ya *fait maison* (kimepikwa hapa) haikukingi, kwani inaruhusu malighafi iliyogandishwa mradi haikupikwa kwingine na imepikwa hapohapo. Wakati huo kula kome wa *bouchot*, yaani wanaokuzwa kwenye nguzo baharini, ambao msimu wao ndio unaanza.

Marseille tulionyeshwa *bouillabaisse*, ile supu ya samaki, ya bei nafuu sana bandarini. Ni ya kweli?

Mashaka yenu yana msingi. Mwaka 1980 wenye mikahawa wa Marseille waliandika mkataba wa kuilinda: angalau aina nne za samaki kutoka orodha maalumu, wakiwemo *rascasse*, *saint-pierre*, *baudroie*, *congre* na *galinette*. Samaki wa namna hiyo, pamoja na zafarani, hawawezi kuwa wa bei ya chipsi. Huliwa kwa awamu mbili: kwanza mchuzi, pamoja na vipande vya mkate uliokaushwa na *rouille*, sosi ya kitunguu saumu na pilipili, kisha samaki, wanaochambuliwa mbele yenu. Mikahawa mingi hutaka uagize mapema, kwa watu wawili au zaidi. Kama bajeti haifiki, agizeni *soupe de poissons*: mchuzi, mkate na *rouille* zipo, ila samaki wameshasagwa ndani.