Spinachi kuchanua Juni: tatizo si mbolea, ni usiku mfupi

SWALI: Mimi ni Mkenya, naishi Leicester, Uingereza. Mwaka huu nimepata nusu ya kishamba cha kukodi cha halmashauri, kama mita za mraba 125. Katikati ya Aprili nilisia spinachi, dania na mchicha kwenye udongo niliouchanganya na samadi iliyooza vizuri. Sasa ni wiki ya kwanza ya Juni. Spinachi imetoa shina refu na maua kabla sijachuma hata mara mbili, dania nayo imechanua, na mchicha umebaki na urefu wa kidole, majani ya manjano. Niongeze mbolea gani?

JIBU: Usiongeze mbolea yoyote, dada. Samadi uliyoweka inatosha. Shamba lako lina matatizo mawili yasiyohusiana: spinachi na dania zimechanua kwa sababu usiku ni mfupi, na mchicha umedumaa kwa sababu udongo ulikuwa baridi. Mbolea haitibu hata moja.

Nianze na spinachi, kwa sababu hapo jina ndilo lililokuponza. Spinachi inayouzwa kwa mafungu sokoni Nairobi, yenye jani pana linalong'aa na bua nene jeupe, ni jamaa ya bitiruti. Huko uliko, pakiti yake huandikwa Swiss Chard. Ndugu yake mwenye bua jembamba la kijani huandikwa Leaf Beet au Perpetual Spinach. Pakiti iliyoandikwa Spinach peke yake ni mmea mwingine, spinachi ya Ulaya, na bila shaka ndio uliousia. Ukimimina mbegu kiganjani utaitofautisha mara moja: ya spinachi ya Ulaya ni ndogo na ngumu, ya mviringo au yenye miiba, ile uliyoizoea ni kifundo chepesi chenye mikunjo, kama kipande cha gamba la mti. Hata ikichipua, majani mawili ya kwanza ya spinachi ya Ulaya ni marefu na membamba mithili ya nyasi.

Mmea huu wa Ulaya huhesabu giza. Nairobi usiku ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Leicester, mwishoni mwa Juni, jua huwa juu ya upeo kwa muda wa karibu saa 17, yaani usiku ni wa saa 7 hivi tu. Usiku ukifupika kupita kiwango chake, ambacho aina nyingi hukifikia kati ya Aprili na Mei, mmea huacha kutengeneza majani na kuanza kutafuta mbegu. Joto na ukame huharakisha, na miche iliyobanana huchanua mapema zaidi. Dalili ya kwanza haionekani kwenye ua: jani jipya la katikati hutoka na ncha kali kama ya mshale badala ya kuwa duara, na moyo wa mmea huinuka. Ukiona hivyo, ng'oa mmea wote siku hiyo hiyo, upike majani kabla hayajawa machungu. Kukata shina la maua hakusaidii, maana amri imeshatoka, na vichipukizi vya pembeni navyo vitachanua.

Mahali pake sia hiyo Swiss Chard au Leaf Beet sasa hivi. Juni hujachelewa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 2 hadi 3, umwagilie kabla ya kuweka mbegu, kisha weka vifundo viwili viwili kila sentimita 30, mistari iachane sentimita 40. Kila kifundo kina mbegu kadhaa ndani, kwa hiyo miche itatoka kwa vishada. Watu wengi huona huruma kuipunguza, na hapo ndipo wanapokosea. Ikifika sentimita 5, bakiza mmoja tu wenye nguvu na uikate mingine kwa mkasi usawa wa udongo, kwa sababu ukiing'oa utatikisa mizizi ya uliyemwacha. Baada ya wiki 8 hadi 12 anza kuchuma majani ya nje, ukiyavunjia chini kabisa kwenye bua, na uache matano ya katikati. Mmea huu huhitaji kupitia baridi kwanza ndipo uchanue, kwa hiyo uliosiwa Juni utakulisha mpaka majira ya kuchipua mwakani. Leaf Beet ndiyo inayostahimili baridi zaidi. Kama nafasi ni moja tu, ningechagua hiyo.

Dania haina dawa ya kudumu wakati wa kiangazi cha huko. Unachoweza ni kuichelewesha. Isie papo hapo itakapokulia, kwa sababu mzizi wake mrefu ukiguswa katika kuhamishwa, mmea hukimbilia maua. Chagua upande unaopata kivuli mchana, tafuta aina ya Calypso iliyotengenezwa kwa ajili ya majani, na usie kipande kifupi cha mstari, kama nusu mita, kila baada ya wiki mbili au tatu. Udongo usikauke. Iliyokwisha kuchanua usiitupe yote: mbegu zake zikiwa bado za kijani zina ladha kali nzuri kwenye kachumbari na mchuzi.

Mchicha ni kinyume chake kabisa. Huu ni mmea wa joto, na katikati ya Aprili udongo wa huko ni wa baridi mno kwake. Mizizi katika baridi hiyo haifyonzi naitrojeni vizuri hata kama ipo tele, ndiyo maana majani yamegeuka manjano juu ya samadi nzuri. Miche iliyodumaa hivi mara nyingi haichangamki tena. Ningeifukia na kuanza upya. Chomeka kipimajoto sentimita 5 ardhini saa tatu asubuhi. Kikisoma nyuzi 15 au zaidi siku nne au tano mfululizo, sia. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, kinatosha mita 4 za mraba, na ufunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Ukizidisha kina, mbegu hizo ndogo hazitoki. Mwagilia asubuhi, si jioni, kwa kuwa konokono wasio na gamba hutembea usiku kwenye unyevu na wanaweza kumaliza tuta la miche kwa usiku mmoja.

Punguza mpaka miche iachane sentimita 10, na hiyo unayoitoa uipike. Ikifika sentimita 25, kata ukibakiza kisiki chenye majani mawili au matatu, itachipua tena. Aina nyingi za mchicha huchanua usiku unaporefuka kuelekea mwisho wa Agosti, kwa hiyo usisie baada ya katikati ya Julai. Mbegu zikikwisha, tafuta pakiti iliyoandikwa Callaloo. Ni jina la Wajamaika la mchicha huu huu.

Na zile mbegu za spinachi ya Ulaya zilizobaki, zihifadhi mahali pakavu penye ubaridi. Zisie kati ya mwanzo wa Agosti na katikati ya Septemba, usiku ukiwa unarefuka, nazo zitakaa kwenye majani.