Siku mbili Iskandaria: tazama ramani kabla ya orodha

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye siku mbili tu katika mji wa pwani ya Mediterania azipangeje? Nawajibu kwa mji mmoja, Iskandaria ya Misri, ambayo ramani huiandika Alexandria. Anayetoka kwetu hutua Kairo, na kutoka kituo cha Ramses treni huchukua saa mbili na nusu hadi tatu.

Mji huu ni mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya bahari na ziwa Maryut. Hapo ndipo mipango mingi inapovunjika. Mtu anaandika vivutio kumi, asubuhi yuko ngomeni magharibi, mchana anakimbilia bustani za Montaza mashariki kabisa, jioni anataka kurudi kula samaki alikotoka. Nusu ya siku inaliwa na foleni ya magari kwenye barabara ya ufukweni. Gawa mji kwa pande, kila siku upande wake, na Montaza mwachie mwenye siku ya tatu.

Lala karibu na Mahattat al-Raml, katikati ya ghuba ya mashariki. Hoteli za Mandara na Montaza zinaweza kuvutia kwa bei, lakini ziko mbali mno na tutakapopita siku hizi mbili, na nafuu hiyo utailipa kwenye teksi. Chumba kinachotazama bahari ni kizuri, ila honi hazilali. Omba ghorofa za juu.

Siku ya kwanza anzia Karmuz, kwenye makaburi ya Kom el-Shoqafa, saa tatu asubuhi yanapofunguliwa kwa kawaida, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Yaligunduliwa mwaka 1900, na inasimuliwa kuwa punda ndiye aliyetumbukia kwanza. Ngazi zinazunguka shimo ambalo maiti waliteremshwa kwa kamba. Huko chini kuna ukumbi ambamo jamaa walikula chakula cha kuwakumbuka wafu wao. Usipite haraka kwenye mlango wa kaburi kuu. Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbwa mwitu, amechongwa pale akiwa amevaa mavazi ya askari wa Kirumi. Sanamu hiyo moja inakuonyesha mji mzima ulivyochanganya watu. Vaa viatu visivyoteleza, maana chini kuna unyevu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi nguzo iitwayo ya Pompey, ya itale nyekundu ya Aswan, karibu mita 27. Jina linapotosha: ilisimamishwa kwa heshima ya Diocletian, kaisari wa Roma. Nusu saa inatosha. Kisha teksi hadi Kom el-Dikka, penye ukumbi wa Kirumi wenye viti vya marumaru, na mchana Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, ambayo yalifungwa mwaka 2005 na kufunguliwa tena Oktoba 2023. Yatengee saa mbili kamili.

Siku ya pili nenda Anfushi. Ngome ya Qaitbay, ya miaka ya 1477 hadi 1479, imejengwa pale uliposimama mnara wa taa wa kale. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa, aliuona mnara huo mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349 hata mlango haukufikika. Piga picha asubuhi ukiwa upande wa mjini, kwani jioni jua huwa nyuma ya ngome.

Karibu na hapo upo msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, na jirani yake msikiti alikozikwa al-Busiri. Kwa aliyekulia kwenye Burdai za Lamu, Mombasa au Unguja, ile kasida ya kumsifu Mtume, mtunzi wake ndiye huyu. Wengi wetu hupita bila kujua, nami naona ni hasara kubwa. Vaa mavazi ya stara na epuka muda wa sala ya Ijumaa.

Mchana ni samaki, papo hapo Anfushi. Unachagua mwenyewe kwenye barafu: macho yawe maangavu, mashavu mekundu. Uliza bei ya kilo kabla hajawekwa kwenye mizani, kisha uliza kama kuoka kunalipiwa kando; ugomvi mwingi wa bili huanzia hapo. Buri, yaani mkizi wetu, mwagize kwa radda: hupakwa pumba za ngano na kuchomwa hadi ganda jeusi, ndani akabaki na maji yake. Singari ni samaki aliyepasuliwa na kuokwa kwa nyanya na pilipili hoho. Wali wake ni sayadiyya, uliopata rangi ya kahawia kwa vitunguu vya kukaanga.

Malizia Maktaba ya Alexandria, iliyofunguliwa mwaka 2002. Ijumaa ratiba yake hubadilika, hivyo hakikisha mapema, na mkoba mkubwa utauacha nje.

Kuhusu majira, Oktoba na mwisho wa Machi hadi Mei ndiyo bora, ingawa Aprili yaweza kuleta upepo wa vumbi. Julai na Agosti watu wa Kairo hujaa na bei hupanda. Kuanzia katikati ya Novemba huja dhoruba ambazo wenyeji wamezipa majina. Ya kwanza maarufu ni al-Maknasa, ufagio, na mitaa hufurika.

Beba kadi ya benki, kwani maeneo mengi ya kale sasa hayapokei fedha taslimu. Teksi nyeusi na njano, patana bei kabla ya kupanda. Tiketi ya treni ya kurudi inunue pamoja na ya kwenda, hasa ukirudi mwisho wa wiki. Na ukija, usishuke kituo cha Sidi Gaber watu wanapomiminika nje. Kituo chako cha Misr ndicho cha mwisho.