Muulize Mwalimu: Binti yangu ni wa kwanza Kenya, je, chuo kitajali?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu mkubwa alifanya IGCSE mwaka jana, na miezi kadhaa baada ya matokeo shule ikatuita tukapokee cheti: ameongoza Kenya nzima kwa Hisabati katika mitihani ya Cambridge. Sasa ameanza A level na anataka kuomba vyuo vya Marekani na Uingereza. Kakangu aliyeko Ohio naye ametutumia picha ya cheti cha mwanawe cha National Merit, na anasema huko tuzo za mitihani ndizo zinazowaingiza watoto Harvard. Babake binti amepata moto, anataka tulipe masomo ya ziada msichana apate tuzo nyingine mbili tatu kabla ya kujaza fomu. Mimi nasita, maana ada ya muhula bado hatujaimaliza. Hizi tuzo zina uzito kweli, au ni karatasi za kutundika ukutani?
Mama mwenye shaka, Bamburi

JIBU: Marahaba mamangu, na hongera kwa binti. Cheti kitundikeni, tena sebuleni, mgeni akiingia akione. Kwa hilo sina ubishi na mtu.

Nianze na cha mpwa wako, kwa sababu ndicho kilichompandisha baba mtoto joto. National Merit ni mpango wa Marekani wa tangu 1955. Mwanafunzi aliyebakisha mwaka mmoja kumaliza sekondari hufanya mtihani uitwao PSAT mwezi wa Oktoba, na alama zake hugeuzwa kuwa kipimo ambacho kileleni ni 228. Wanaoingia ni zaidi ya milioni moja. Wanaotambuliwa ni kama 50,000. Katika hao, 34,000 hivi hupewa barua ya pongezi na mambo yakaishia hapo. 16,000 hivi huingia nusu fainali, na wengi wao hufika fainali. Muulize kakako, kwa adabu, cheti cha kijana ni cha kundi lipi, kwa sababu neno "ametambuliwa" linawabeba wote.

Sasa mfikirie afisa wa udahili aliyefungua faili la kijana huyo. Alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kama amezituma, ziko mbele yake. PSAT ni mtihani wa maandalizi ya SAT, maswali ya aina ileile. Kumletea na tuzo ya PSAT ni kama kumtajia mtu bei ya samaki na risiti ameishika mkononi. Hatakasirika, ila hujamwongezea habari. Halafu angalia kalenda: walioingia fainali hujulishwa mwezi wa Februari, na fomu za vyuo vikubwa nyingi hufungwa mwanzoni mwa Januari. Sifa kubwa kuliko zote katika mpango huo humfikia mtoto fomu zikiwa zimeshaondoka.

Panapo uzito ni kwenye pesa, na hata hapo si kila mahali. Ufadhili wa National Merit wenyewe ni dola 2,500, zinatolewa mara moja basi. Vyuo vya binafsi vya huko vyenye majina, mwaka mmoja na malazi na chakula unapita dola 80,000, kwa hiyo hizo 2,500 ni nauli na blanketi. Lakini viko vyuo vinavyowatafuta hasa watoto wa fainali na kuwapa ufadhili mkubwa. Chuo Kikuu cha Alabama kimejulikana kwa hilo kwa muda mrefu. Harvard na wenzake wa Ivy League hawatoi pesa kwa sababu ya alama wala tuzo, wanatoa kwa kutazama mfuko wa mzazi. Kwa hiyo kama tuzo ya mpwa wako itampeleka mahali, ina nguvu zaidi ya kumpeleka Alabama kuliko Harvard, na wala si aibu. Kusoma chuo kizuri bila deni si jambo la kudharau.

Na mpango huo ni wa wanaosoma sekondari Marekani; anayesoma nje ya huko sharti awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu anayeelekea kuwa raia. Binti yako wa Bamburi hata akipata alama zote hapewi. Baba mtoto asome mstari huu mara mbili kabla hajatoa senti.

Tuzo nyingine atakayotajiwa ni AP Scholar, ya mitihani ya AP, yaani kozi za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari huko Marekani. Hii haina jopo wala mchujo: mtoto akipata 3 au zaidi, katika mtihani ambao alama ya juu ni 5, kwenye mitihani mitatu ya AP, jina linaandikwa lenyewe. Chuo kinaziona alama zenyewe. Kumlipia mtu masomo ili apate jina hilo ni kununua kivuli cha kitu alicho nacho tayari.

Cha binti yako ni kingine, na hapa nakuomba usijishushe. Gredi ya A* wanayo wengi. Afisa atakutana nayo asubuhi na jioni. Kwamba katika wote waliopata A* ya Hisabati nchini huyu ndiye aliyeongoza, gredi haiwezi kusema. Mimi kipimo changu kwa tuzo yoyote ndicho hiki: inamwambia msomaji jambo ambalo alama hazikumwambia? Hii inamwambia. Kwa hiyo iandikwe, iandikwe ya kwanza.

Ila msomaji wa Boston hajui "Kenya nzima" ina maana gani. Hajui kwamba watoto wetu wengi hufanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, zaidi ya 900,000 kwa mwaka 2024, na wa Cambridge ni wachache ukiwalinganisha. Wala msijaribu kumficha. Akigundua mwenyewe ni vibaya zaidi. Mnachotaka ni shule iseme. Mwalimu anayeshughulikia maombi hutuma ripoti ya shule pamoja na maelezo mafupi ya shule yenyewe: wanafunzi wangapi, mitihani gani, wamefanyaje. Humo kuna nafasi ya sentensi moja kuhusu tuzo hii, inatolewa na nani na kwa kigezo gani. Shule nyingi za hapa Mombasa hutuma maelezo yaleyale ya miaka iliyopita, picha ya basi na kila kitu. Nenda ofisini, ongea na mhusika, tena mapema.

Fomu yenyewe ya Marekani, ile Common App, ina nafasi tano za tuzo, na kila moja herufi 100 tu pamoja na nafasi tupu. Wanataka za kuanzia darasa la tisa. Hapo pia unaonyesha ngazi: ya shule, ya jimbo, ya taifa au ya kimataifa. Kijana mmoja wa Kibokoni alikuja kwangu na simu yake, tukakaa barazani. Alikuwa ameandika kwamba "kwa neema ya Mola na juhudi za walimu wangu wapendwa nilitunukiwa", na kabla hajafika kwenye jina la tuzo herufi zikamwishia. Tukakata. Neema ikabaki moyoni, walimu wakahamia kwenye insha, kwenye mstari ikabaki: tuzo, somo, nchi, mwaka. Herufi zikabaki za kutosha akaongeza ni nani aliyetoa. Nafasi nne zilizobaki akataka kuzijaza, akanitolea tuzo ya unadhifu ya darasa la sita! Nikamwambia aziache wazi. Nafasi tupu haimdhuru mtu. Tuzo ya unadhifu inamfanya msomaji atilie shaka hata ile ya kwanza.

Uingereza ni hadithi fupi. Fomu ya UCAS, ya kuombea vyuo vya huko, haina sehemu ya tuzo. Chuo kinatoa nafasi kwa masharti, tuseme A*AA katika A level, na binti akizipata ameingia, akizikosa cheti cha IGCSE hakimwokoi. Maelezo binafsi tangu wanaoingia 2026 yamegawanywa katika maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla, na tuzo inaweza kupita hapo kwa sentensi nusu, mradi imefuatwa na Hisabati yenyewe: anasoma nini nje ya silabasi, swali gani lilimkosesha usingizi. Tena vyuo kama Cambridge na Imperial College London vina mitihani yao ya kuingilia kwa baadhi ya kozi. Huo, kama kozi yake inautaka, ndio wa kulipia masomo ya ziada.

Na SAT, je? Tazama orodha ya vyuo kwanza. MIT ilirudisha sharti la SAT au mwenzake ACT mwaka 2022, na 2024 Dartmouth, Yale na Harvard zikatangaza kurudisha masharti ya mitihani. Chuo Kikuu cha California hakiitazami kabisa katika kuchagua. Mzazi anayelipia masomo ya SAT kabla ya kujua mtoto anaomba wapi anamnenepesha mwalimu wa tuisheni, na nasema hivi nikiwa nimekula pesa za tuisheni miaka mingi.

Kwa hiyo jibu langu kwa babake: zilipe ada ya muhula. A level ya Hisabati ikija na B, hakuna atakayekumbuka kwamba aliongoza Kenya kwenye IGCSE.

SWALI: Mwalimu, mimi niko kidato cha nne huku Changamwe. Nimepewa kombe la mwanafunzi bora wa Fizikia shuleni, na kwenye maonyesho ya sayansi tulifika ngazi ya kaunti tukawa wa pili. Nataka uhandisi. KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, wataliona kombe?
Mhandisi mtarajiwa

JIBU: Hawalioni, kijana wangu, na hata ukilibeba mpaka Nairobi hakuna dirisha la kulipokelea. KUCCPS wanachukua gredi zako za KCSE, wanapiga hesabu ya masomo manne ya kundi la kozi unayotaka, jumla ya juu ni pointi 48, kisha mnapangwa kwa pointi na kwa nafasi zilizopo. Kuingia digrii sharti uwe na C+ na juu, na uhandisi una masharti yake ya gredi katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwenye B+ bila kombe anampita mwenye B na kombe. Baridi, lakini ina uzuri wake: hakuna mtu wa kumpigia simu, na mtoto wa Mikindani hapimwi kwa jina la shule yake. Peleka nguvu kwenye Kemia, maana hukuitaja, na asiyetaja somo kwa kawaida analikimbia.

Ila umenishangaza jambo moja. Umenitajia nafasi ya pili, hukuniambia mlitengeneza nini. Mimi hilo ndilo nililotaka kujua kwanza, na chuo cha nje, ukija kuomba siku moja, ndilo kitakalouliza. Maonyesho ya sayansi ni tuzo ya aina tofauti na ya mtihani: kuna kifaa, kuna jaribio lililokwama, kuna kilichobadilishwa usiku wa kuamkia siku ya waamuzi. Piga picha za mtambo wenu kabla maabara haijafanya usafi. Andika ukurasa mmoja, wewe ulifanya sehemu gani na mwenzako gani. Mwalimu wenu asome na atie sahihi. KUCCPS hawatauuliza ukurasa huo, wafadhili wanaweza kuuuliza.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu ameletewa barua pepe kutoka Marekani, ina nembo ya dhahabu, inasema ameteuliwa kuwa mwanachama wa chama cha wanafunzi bora duniani. Wanataka dola 90 za kujiunga, na wanasema vyuo vikuu vinawathamini wanachama wao. Nilipe?
Baba Likoni

JIBU: Usilipe. Mpwa wa yule mama wa Bamburi hakudaiwa dola kupokea cheti chake, wala binti yake hakudaiwa. Ada walizolipa ni za mtihani, na sifa ikaja baadaye bure. Tuzo inayoanza kwa kuomba kadi ya benki inamsifu mwenye kadi. Uanachama huo ukiandikwa kwenye ile mistari mitano, afisa wa udahili ameshauona mara nyingi na anaujua bei yake.

Jingine la kumuuliza kijana kabla ya chakula cha jioni: anwani yake waliitoa wapi? Mara nyingi watoto hujaza fomu za "tafuta ufadhili" mtandaoni, jina, shule, tarehe ya kuzaliwa, hata namba ya simu ya mama. Kama ndivyo, mwambie mama asishangae barua kama hizo zikianza kuingia kwenye simu yake.