Kiota Kimegeuka Kitanda: Majibu kwa Wafugaji wa Kuku wa Nyumbani

Barua za safari hii karibu zote zinalia na jambo moja: kuku analala pasipotakiwa, kisha anataga pasipotakiwa. Tumechagua tano.

SWALI: Nina mitetea 12 wa miezi saba. Visanduku vya kutagia nimevipachika ukutani, na ufito wa kulalia uko chini yake. Kila asubuhi nakuta visanduku vimejaa kinyesi na mayai yamechafuka. Nabadilisha maranda kila siku mpaka nimechoka. Nakosea wapi?

JIBU: Umeshajijibu mwenyewe: ufito uko chini ya visanduku. Jua likianza kuzama, kuku hutafuta mahali pa juu kabisa anapoweza kufika, akatulia hapo hadi kunakucha. Hajui kwamba pale wewe umepaita kiota. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kinyesi chake hudondoka usiku akiwa amelala, maranda utabadilisha mpaka mwakani.

Shusha visanduku, pandisha fito. Sakafu ya kisanduku ikiwa sm 30 hadi 40 kutoka chini inatosha. Fito ziwe juu zaidi, angalau sm 30 kupita mlango wa kisanduku, na zikipita na paa lake ni bora zaidi. Paa hilo liinamishe kwa nyuzi 45 au zaidi, la sivyo nalo litageuka kitanda. Kuku wazito usiwapandishie fito kupita kiasi. Shusha visanduku karibu na sakafu badala yake. Kuku mnene anayeruka kutoka juu kila alfajiri huumia unyayo, ukavimba na kufanya kidonda chenye gaga jeusi katikati, na kukiponya ni kazi.

Ufito uwe na upana wa sm 4 hadi 5, kingo zake zipigwe msasa mpaka ziwe za mviringo. Bomba la chuma au plastiki liache, linateleza. Kila kuku apate sm 20 hadi 25, kwa hiyo 12 wanahitaji mita 2.4 hadi 3. Fito mbili za mita 1.5 zinatosha, ziache sm 30 kutoka ukutani na sm 30 hadi 35 kati yao. Ziwe kimo kimoja. Ukiziweka kama ngazi, wote watagombea ya juu na wanyonge watarudi kulekule kwenye visanduku.

Sasa mazoea, ambayo hayabomolewi kwa nyundo. Kwa siku 7 hadi 10, okota mayai ya mwisho saa kumi jioni kisha ziba milango ya visanduku kwa ubao. Fungua alfajiri kabla hawajashuka. Giza likishaingia nenda na tochi hafifu, mchukue kila aliyelala chini ukiwa umemfumba mabawa, mwegeshe kifua kwenye ufito na usimwachie mpaka vidole vyake vimeushika. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo atabaki ulipomweka. Wengi huelewa ndani ya juma moja. Hawakosekani wawili watatu wabishi, nao ni kuendelea nao tu.

SWALI: Nina visanduku sita kwa kuku 10, lakini wote wanapanga foleni kwenye kimoja. Wengine wanakaliana humo humo na mayai yanavunjika. Niongeze visanduku?

JIBU: Hapana, hata hivyo ulivyo navyo ni vingi. Kisanduku kimoja hutosha kuku wanne au watano. Kuku huvutiwa na kiota ambacho tayari kina yai, na huchagua chenye giza kilicho mbali na mlango. Linganisha hicho kipendwa na vingine, utaona tofauti. Vile vitano vitundikie pazia la gunia lililochanwa katikati, jaza matandiko ya kimo cha sm 8 hadi 10, weka yai bandia moja moja (mpira wa gofu unafaa), na kile cha foleni uwe unakitoa mayai mara tatu kwa siku. Visanduku viwe na ukubwa sawa, sm 30 hadi 35 kila upande.

SWALI: Mitetea wangu wameanza kutaga juzi, na mayai yako sakafuni kila kona. Viota viko wazi na visafi.

JIBU: Chuchumaa kwenye kona moja wanayoipenda. Utakuta maranda yamefukuliwa yakafanya kibakuli kidogo, ukutani pamemkinga, juu kuna kivuli. Hicho kwa mtetea ni kiota kamili, na pengine kimeshinda chako. Kosa la kawaida ni matandiko ya sakafuni kuwa mazito kuliko ya kwenye visanduku. Punguza ya sakafuni, hasa kwenye kona, na ongeza ya viotani. Kona zenyewe ziweke jiwe kubwa au ubao wa mshazari ili asipate pa kujibanza, na pale penye giza tundika taa au toboa dirisha.

Yai la sakafuni liokote mara ulionapo, kwa sababu linawaita wengine. Ukimkuta mtetea anazungukazunguka na kulia kwa sauti ya chini, mbebe taratibu umtie kiotani. Wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo wasitoke nje kabla ya saa nne au saa tano. Lakini yai huchukua kati ya saa 24 na 26 kukamilika, hivyo kila siku kuku huchelewa kidogo, na wachache watataga alasiri hata ufanyeje. Kwa kundi lijalo, fungua viota mitetea wakifika wiki ya 17 au 18, kabla ya yai la kwanza.

SWALI: Kuku mmoja hatoki kiotani siku ya tano sasa. Ananguruma nikimsogelea na kifuani amenyonyoka. Sina jogoo. Nimeshauriwa nimtumbukize kwenye ndoo ya maji.

JIBU: Usimtumbukize. Utamtia baridi na hofu, kesho atarudi palepale. Huyo anaatamia, na bila jogoo siku 21 zitapita bure huku akila kidogo na kuwazibia wenzake kiota.

Kinachomtuliza ni kukosa joto na ulaini chini ya tumbo. Tafuta tundu lenye sakafu ya waya au mbao zenye nafasi, liinue juu ya matofali ili upepo upite chini, uliweke kwenye kivuli lakini mahali penye mwanga na pilikapilika za wenzake. Usiweke matandiko hata kidogo. Chakula na maji viwepo muda wote. Anayenyima maji ili kuku "akome" anamtesa tu. Akae humo usiku na mchana kwa siku tatu au nne. Mfungulie jioni: akienda kulala kwenye ufito, yamekwisha, akikimbilia kiotani, mrudishe siku mbili zaidi. Hatataga papo hapo, mpe wiki mbili au tatu. Safari nyingine usingoje siku tano. Anza siku unayomkuta kiotani usiku.

SWALI: Kuku wangu walikuwa wakiingia bandani wenyewe. Sasa wanalala juu ya mti.

JIBU: Kabla hujawalaumu, ingia bandani saa tatu usiku na tochi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito, hasa pale zinapogusa ukuta. Kikitoka na michirizi myekundu, ni utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa, ndiyo maana ukimkagua kuku saa sita humuoni mdudu. Usiku hutoka kunyonya damu.

Ng'oa fito, toa matandiko yote uyachome, mwagia maji ya moto yenye sabuni kwenye kila ungio, acha pakauke, kisha pakaza mafuta ya kupikia kwenye nyufa yawazibe pumzi. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, maana kwenye joto yai la utitiri huwa mdudu mzima kwa takriban siku 7 hadi 10. Kuliacha banda tupu wiki kadhaa hakusaidii, wanaweza kukaa miezi bila kula. Ukitaka dawa, mwulize mtaalamu wa mifugo ipi inaruhusiwa kwa kuku wanaotaga, na mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Kitambaa kikitoka safi, nusa. Harufu ya mkojo inayokuchoma macho ina maana hewa haitoki: fungua matundu juu ya vichwa vyao. Angalia pia dalili za panya au nyoka.

Na unaporudisha fito, usizipigilie misumari. Zilaze kwenye vishikizo vilivyo wazi juu, ili uweze kuziinua na kupangusa ncha zake kila wiki.