Seva ya video ikikata, anzia kwenye waya

Mhariri wa video akilalamika kwamba seva, yaani kompyuta inayotunza video za wote, imekata tena, muulize kwanza: imekata kwako tu au kwa wote? Ikiwa ni kwake tu, mimi siigusi seva. Naanzia mezani kwake: waya, tundu la ukutani, kompyuta. Ikiwa ni kwa wote, ndipo naifuata swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta zote na seva), umeme na diski.

Natunza mitambo ya studio ndogo ya video hapa Dar es Salaam, na waya umenisumbua kuliko diski. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Spidi ya gigabiti moja inazihitaji jozi zote. Megabiti 100 zinapita kwenye jozi mbili. Kwa hiyo uzi mmoja ukilegea kwenye kichwa cha waya, mara nyingi kompyuta haikatiki, inashuka kimyakimya hadi megabiti 100. Barua pepe zinafunguka, YouTube inacheza, na mhariri anaapa kwamba mtandao ni mzima. Wakati huo video yake ya 4K ya ProRes 422 HQ (aina ya faili zito la kuhariria), fremu 25 kwa sekunde, inadai takribani megabiti 737 kila sekunde! Fungua mipangilio ya mtandao usome spidi ya muunganisho. Ukikuta 100, badilisha waya kabla ya kumlaumu mtu.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Seva iliyounganishwa kwa waya mmoja wa gigabiti haiwezi kulisha wahariri wawili wa video ya namna hiyo kwa pamoja, hata kama kila kitu ni kizima. Hapo watengenezee proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuhariria, au uvute laini ya gigabiti 10 kati ya seva na swichi.

Njia ya mtandao kati ya kompyuta na seva ipime bila kugusa diski, kwa iperf3, programu ya kupima spidi ya mtandao, kwenda na kurudi. Ikikupa zaidi ya megabiti 900 pande zote, achana na waya, soma ripoti ya SMART ya kila diski, yaani ripoti ya afya ambayo diski huitunza yenyewe. Sekta mbovu zikiongezeka, agiza diski nyingine. Makosa ya CRC (data kuharibika njiani) yakiongezeka, shuku kwanza waya wa SATA, unaounganisha diski na seva. Na ukinunua, uliza kama diski ni ya SMR, ile inayoandika data kwa mistari inayopandana. Muuzaji wa Kariakoo atakuambia diski ni diski, lakini hizo za SMR huburuta mno RAID (kundi la diski zinazofanya kazi kama moja) inapojengwa upya, na seva inaweza kuitoa diski hiyo ikidhani imekufa.

Bandika karatasi ukutani, na kila seva inapokata iandikwe: saa, nani, alikuwa anafanya nini. Kisha linganisha na kumbukumbu za seva. Tatizo la kila siku saa ileile huwa ni kazi iliyopangwa, kwa mfano nakala rudufu inayoanza watu wakiwa bado kazini. Isogeze usiku wa manane.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, nayo iunganishe na seva kwa waya wa USB, ili umeme ukikatika seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Wengi huuacha waya huo ndani ya boksi.

Na kabla hujachomoa diski yoyote, nakili kazi za wateja mahali pengine. RAID haihesabiki kuwa nakala.