Dari ya jipsamu: mbao au chuma?

SWALI: Ninajenga Kigamboni, sebule mita 4 kwa 4. Kwa fremu ya kushikia bodi, fundi anataka mbao za inchi 2 kwa 2, jirani anasema chuma. Nishike lipi?

JIBU: Chuma, ila kiwe kimepakwa zinki, hewa ya bahari haina huruma. Mbao za madukani mara nyingi ni mbichi: zikikaukia juu hujipinda, na ufa hutokea palepale bodi mbili zinapokutana. Mchwa ndiyo usiseme. Ukibanwa na bajeti, nunua kavu zilizotiwa dawa.

Kwa bodi ya milimita 9, nafasi kati ya vipande vya fremu isizidi sentimita 40, na skrubu kila sentimita 20. Kichwa kizame kidogo tu. Karatasi inayofunika bodi ikichanika, skrubu haishiki tena. Misumari ikatae.