Usikimbilie mabango: kwa mwalimu mpya anayetaka kufundisha kwa changamoto

Ukishapangiwa kituo hapa Dar na kukabidhiwa kidato cha pili, utasikia sana habari ya kumjengea mwanafunzi umahiri badala ya kumkaririsha. Mtaala unaimba hivyo tangu 2005, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umekazia palepale. Njia ninayoipenda mimi ni kufundisha kwa changamoto. Waliouweka utaratibu wake ni kampuni ya Apple, Marekani, mwaka 2008: wanafunzi wanaliingia tatizo la kweli, wanalichunguza, kisha wanachukua hatua. Jina la kampuni lisikutishe, kwa sababu njia yenyewe haidai kompyuta hata moja.

Kazi yote iko kwenye kuchunguza. Watoto wetu wamezoea kutoa jibu haraka, maana ndivyo tulivyowazoesha. Waambie mtaro wa nyuma ya shule unafurika kila masika, na kabla hujaweka chaki chini watakujibu: "Watu wanatupa taka, tuweke mabango!" Ukikubali, wiki zako zitaishia kwenye kupaka rangi makatoni, na kichwa cha mtu hakijafanya kazi.

Mimi huwauliza: mmejuaje? Halafu nanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kufundisha, lakini vumilia, maswali yataanza kuja. Maji yanatoka wapi? Yanakwama wapi? Taka zenyewe ni za aina gani? Darasa langu moja lilichukua fimbo, wakaichora alama za sentimita kwa rula, wakapima kina cha mtaro mkavu kipande kwa kipande hadi kwenye kalavati. Chupa za plastiki zilikuwepo, ila zimelala juu ya mchanga, na mchanga ndio uliokuwa umeziba karibu nusu ya kalavati. Wakafuata mteremko kwenda juu, wakakuta barabara ya vumbi iliyochimbwa na mvua na lundo la mchanga wa ujenzi pembeni. Binti mmoja ambaye hanyanyui mkono darasani akauliza: "Mwalimu, sasa bango litamwambia nini mchanga?"

Baada ya swali hilo sikuhitaji kuwabembeleza wasome mmomonyoko. Mto Msimbazi wanaujua: unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Wengi wameshakwama pale mvua zikikolea na barabara ikafungwa. Walipoona kwamba mchanga unaotua bondeni huinua kitako cha mto na kuupunguzia nafasi ya maji, walianza kuulizana wenyewe mchanga ule unatoka mitaa gani. Suluhisho walilofikia lilikuwa dogo, kuzibua kalavati na kuomba lundo lihamishwe, lakini walikuwa na vipimo vya kulitetea mbele ya mtendaji wa mtaa.

Panga kalenda yako na mvua. Masika huanza Machi, kwa hiyo anza Februari: mtaro ni mkavu, unapimika, na mvua ikija itawaambia kama walichofanya kimesaidia. Maji yakishaanza kutembea, mtoto asiingie mtaroni, kipindupindu hakina urafiki. Ruhusa ya mkuu wa shule na taarifa kwa serikali ya mtaa zitangulie kabla hujavuka geti.

Wakibishana, waache wabishane kwa Kiswahili, ripoti waiandike Kiingereza baadaye. Ukidai Kiingereza tangu mwanzo, watabaki wawili watatu wanaoongea na wengine watatazama dirishani. Alama nazo usizirundike kwenye suluhisho. Toa nyingi kwa maswali mazuri na ushahidi, hata kundi likishindwa kuzibua chochote.

Changamoto moja kwa muhula inatosha. Mada nyingine zinataka chaki na mazoezi tu, zifundishe hivyo bila aibu. Na mwalimu wa taaluma akikufuata kuuliza silabasi itaisha lini, uwe na andalio la somo mkononi linaloonyesha mada zipi zimeguswa na ule mtaro.